Karuru: Maporomoko ya Nyandarua yanayoshuka hata kiangazi

MAPOROMOKO ya Karuru, yaliyo katika Mbuga ya Taifa ya Aberdare, hutajwa katika vitabu vingi kuwa marefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake huanguka mita 273 kwa ngazi tatu: ya kwanza mita 117, ya pili mita 26 na ya mwisho mita 130. Ng’ambo ya bonde hilo hilo kuna maporomoko ya Gura, ambayo baadhi ya waandishi huyapa zaidi ya mita 300, na ubishi kuhusu yapi ni marefu zaidi haujakoma. Anayesimama ukingoni mwa Karuru siku isiyo na ukungu huyaona yote mawili, na ubishi huo humtoka akilini kwa muda.

Kwa wakazi wa Nyeri na Nyandarua, na hata kwa Wanairobi wanaorauka mapema, hii ni safari ya siku moja. Wengi huona heri waende wakati wa mvua, maji yakiwa mengi. Wana haki yao, kwa kuwa picha za msimu huo hupendeza. Hata hivyo, mwenye kutaka kuuelewa mlima huu na kazi unaoifanya afadhali aende kiangazi, mashamba ya chini yakiwa yamekauka na mitungi ikipangwa kwenye foleni mijini, kisha ajionee maji yakiendelea kushuka kutoka mahali ambapo huenda mvua ya maana haijanyesha kwa wiki kadhaa.

Neno kiangazi lenyewe huwapotosha wageni. Watalii kutoka Ulaya na Marekani hupata likizo ndefu Julai na Agosti, miezi ya joto kwao, nao hudhani kwamba nchi inayopitiwa na Ikweta haiwezi kuwa na baridi wakati huo. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo miezi ya baridi kali katika nyanda za juu za Kenya. Ukungu huweza kuifunika safu ya Nyandarua kutwa nzima, na mtu akafika ukingoni mwa Karuru asisikie ila mvumo wa maji yaliyo mbele ya pua yake. Kiangazi halisi cha huku ni Januari na Februari, baada ya mvua ya vuli na kabla ya masika yanayoanza Machi na kuendelea hadi Mei. Asubuhi za miezi hiyo huwa wazi. Mchana mawingu hukusanyika, hivyo anayefika maporomokoni saa nne huona mengi kuliko anayefika saa tisa.

Njia na mimea yake

Kuna njia mbili zinazotumiwa sana. Ya kwanza hupitia Nyeri hadi lango la Kiandongoro, upande wa mashariki. Ya pili hupanda kutoka upande wa Naivasha na Ndunyu Njeru hadi lango la Mutubio, magharibi. Malango haya mawili huunganishwa na barabara ya udongo inayokata uwanda wa juu, na Karuru ipo kando ya barabara hiyo, ambapo kijia cha gari huchepuka hadi mahali pa kuegesha. Kutoka hapo hadi ukingoni ni mwendo mfupi wa miguu. Wanaotaka kutembea zaidi huacha magari mbali na kulifuata vuka la uwanda, au huunganisha safari hiyo na maporomoko ya Chania na Magura.

Upande wa Mutubio mlima huinuka ghafla kama ukuta. Upande wa Nyeri huteremka polepole. Tofauti hii ina asili yake katika kuzaliwa kwa Bonde la Ufa. Safu ya Aberdare ni milima ya volkano iliyopo kwenye ukingo wa mashariki wa bonde hilo. Ardhi ya magharibi ilipokatika na kudidimia, mlima ulibaki na mgongo uliochongoka upande mmoja na mteremko mrefu upande wa pili. Ndiyo sababu mito mingi mikubwa ya safu hii huelekea mashariki. Mito hiyo imekuwa ikikata matabaka ya miamba ya volkano tangu kale. Pale ambapo lava ngumu imelala juu ya tabaka laini la majivu na kokoto zilizoshikamana, maji hula tabaka la chini kwa haraka, lile la juu hubaki likining’inia hadi livunjike, na jabali husonga nyuma kidogo kidogo. Ngazi za maporomoko hutokea hivyo.

Anayepanda kutoka Nyeri huacha nyuma mashamba ya majani chai na viazi, akaingia msitu wa mitarakwa na miti mingine ya kienyeji, kisha mianzi. Ukanda wa mianzi ni mnene kiasi kwamba mtu husikia nyati akivunja matawi hatua chache kutoka njiani bila kumwona. Humo ndimo anamoishi ndongoro, swala mkubwa mwekundu mwenye milia myeupe, ambaye ni adimu hata askari waliofanya kazi huko miaka mingi huhesabu mara walizomwona. Juu ya mianzi huja miti mizee yenye magome mekundu, matawi yake yamefunikwa na mimea ya kijivu inayoning’inia kama ndevu. Halafu miti hukoma, na mtu hujikuta kwenye uwanda wa nyasi ndefu zilizoota mafundo mafundo, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari.

Mimea ya uwanda huo huwashangaza wanaoiona mara ya kwanza. Lobelia, ambayo bustanini huwa ua dogo la chungu, huku husimama ikamzidi mtu kimo. Usiku, baridi inapokaribia kugandisha maji, majani yake hujikunja na kukifunika kitovu cha mmea, kisha hufunguka jua likichomoza. Kwa mmea unaoishi penye joto mchana na jalidi usiku, siku moja huwa kama mwaka mzima wenye misimu yake.

Maji hukaa wapi?

Swali ambalo mgeni wa kiangazi hukosa kujiuliza ni hili: maji haya yanatoka wapi ilhali hakuna theluji juu? Kilele cha juu kabisa cha safu hii, Ol Donyo Lesatima, kina takriban mita 4,000, na hakina barafu ya kudumu. Jibu lipo chini ya nyayo za msafiri. Udongo wa uwanda ni mweusi na laini, umejaa mabaki ya mimea ambayo baridi huyazuia kuoza upesi. Mvua ikinyesha, udongo huo pamoja na kuvu na nyasi za mafundo hufyonza maji kama sifongo, na kuyaachilia taratibu. Sehemu nyingine hupenya kwenye nyufa za miamba ya volkano na kutokea chini kama chemchemi. Tena kuna ukungu. Wingu linapopita katikati ya mianzi na ile miti yenye ndevu, matone hushika kwenye majani na kudondoka ardhini, hata siku ambayo kipima mvua cha kijijini hakirekodi chochote.

Kwa hivyo, uzi mweupe unaoonekana Karuru mwezi wa Februari ni maji yaliyonyesha muda mrefu uliopita. Ukiukanyaga uwanda hadi ukawa mgumu, ukaulisha ng’ombe kupita kiasi, au ukauchoma, maji ya masika yatateremka kwa kishindo kwa siku chache yakibeba udongo, na Februari inayofuata patabaki unyevu tu juu ya jabali.

Maji ya Karuru hayaishii bondeni. Huingia mto Gura, ambao nao huteremka kuelekea bonde la Tana. Mtambo mdogo wa umeme uliojengwa kwenye Gura hutumikia viwanda vya chai vya eneo hilo. Mbele zaidi, Tana hujaza bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981 na lenye uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, kisha huzungusha mitambo ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Baada ya hapo mto hukata nchi kavu ya Garissa na vijiji vya Wapokomo, ukaingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Mkulima wa mpunga wa kule Tana chini na msafiri aliyesimama Karuru hutazama maji ya mto mmoja, ingawa kati yao kuna mamia ya kilomita.

Nairobi hunywa kutoka upande mwingine wa safu hiyo hiyo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa mwaka wa 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, hupata maji kutoka miteremko ya kusini ya Aberdare, kama lilivyo bwawa la Sasumua. Mwelekeo wa kaskazini nao una mito yake. Ewaso Narok huanguka mita 74 huko Nyahururu, kwenye maporomoko ya Thomson, kabla ya kwenda kuwanywesha wafugaji wa Laikipia. Magharibi, mto Malewa hulisha Ziwa Naivasha na mashamba yake ya maua. Ni vigumu kupata mlima mwingine nchini ambao watu wengi namna hii wanautegemea bila kuujua jina.

Majina na historia

Na majina yenyewe yana kisa. Wakikuyu waliuita Nyandarua, kwa jinsi mgongo wake unavyofanana na ngozi iliyoanikwa ikauke, nao huuhesabu miongoni mwa milima mitukufu. Jina la Aberdare lilitolewa na msafiri Mskoti Joseph Thomson mnamo 1884 kwa heshima ya Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa Shirika la Kijiografia la Uingereza. Mbuga ilitangazwa mwaka wa 1950. Miaka miwili baadaye, Februari 6, 1952, babake Elizabeth alifariki Sandringham wakati binti huyo wa mfalme alipokuwa Kenya, baada ya kulala katika hoteli ya Treetops iliyojengwa juu ya mti kwenye msitu huu, na watalii wa Kiingereza hawajachoka kusimuliana habari hiyo.

Kwa Wakenya wengi, hasa wazee wa Nyeri na Murang’a, kumbukumbu ya msitu ni nyingine. Kuanzia mwishoni mwa 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliishi katika mianzi na uwanda huu, wakilala mapangoni na kuteka maji katika vijito hivi. Serikali ya kikoloni iliufanya msitu kuwa eneo lililopigwa marufuku, ikaudondoshea mabomu kutoka angani, na kuwalazimisha wanavijiji kuchimba handaki refu kandokando yake ili wapiganaji wasipate chakula kutoka mashambani. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa kwenye ukingo wa msitu karibu na Nyeri mnamo Oktoba 21, 1956, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Anayetembea huku akiwa na buti za kisasa na koti la mvua, akarejea nyumbani jioni akitetemeka, anaweza kukadiria maana ya miaka minne ya maisha kama hayo.

Hatari za siku moja

Kutetemeka huko si jambo la mzaha. Halijoto hushuka kwa takriban nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000, mbali na upepo. Kijana anayetoka Nairobi asubuhi yenye jua, akiwa amevaa suruali ya jinzi na fulana ya pamba, hufika juu bila shida. Mvua ya ghafla ikimnyeshea saa nane, nguo zile hunywa maji na kumnyonya joto. Dalili za kwanza ni kutetemeka na vidole kufa ganzi, kisha mtu huanza kujikwaa, maneno yakawa mazito, na mwishowe huacha kutetemeka akidai hajambo. Hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Anayefikia hali hiyo huvuliwa nguo zilizolowa, huvalishwa kavu, hufunikwa kichwa, hupewa chai tamu iwapo bado anaweza kumeza, na huteremshwa bila kuachwa peke yake. Pombe, ambayo wengine huibeba kwa kudhani huleta joto, hupanua mishipa ya ngozi na kulipoteza joto lililobaki.

Kichwa kuuma na kichefuchefu kwenye mwinuko huo huwapata baadhi ya watu, hasa waliopanda kwa gari kwa saa chache. Dawa iliyo bora ni kuteremka. Mto wenyewe una hatari zake. Mawe ya ukingoni yana utelezi hata kiangazi, kwa kuwa hulowa na mvuke siku zote, na wanaosogea kupiga picha hujisahau. Mvua inaweza kuwa inanyesha kwenye chanzo wakati jua linawaka maporomokoni, na kijito kilichovukwa kwa kuruka asubuhi kikawa hakivukiki jioni.

Halafu kuna nyati. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hutaka wanaotembea kwa miguu ndani ya mbuga waandamane na askari mwenye bunduki, na mwenye kuona hiyo kuwa gharama ya bure hajakutana na nyati dume aliyetengwa na kundi. Ndovu huzoea kutumia vijia vile vile vya watu, kwa kuwa vijia hivyo vilikuwa vyao kwanza. Kikundi hutembea pamoja, wa nyuma akionekana na wa mbele, na anayeongoza hutaja mapema saa ya kugeuka. Karibu na Ikweta giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Kikundi ambacho saa nane hakijafika kilikokusudia hurudi, hata kama maporomoko yanasikika.

Jinsi ukungu wa huku unavyoweza kuficha kila kitu ilionekana Juni 5, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kuelekea Nairobi ilipogonga safu hii. Watu wote 10 waliokuwemo walikufa, na mabaki yalipatikana Juni 7, baada ya waokoaji kuhangaishwa na hali ya hewa.

Ua, moto na barabara

Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka wa 2002 ulionyesha msitu ukiwa umetobolewa na matanuri ya makaa, ukataji wa mitarakwa na hata mashamba ya bangi. Kilichobadilisha hali kwa kiasi kikubwa ni ua wa umeme wa takriban kilomita 400 unaoizunguka hifadhi, ulioanza kujengwa 1989 kwa uongozi wa shirika la Rhino Ark na kukamilika 2009. Lengo la awali lilikuwa kuwakinga vifaru, lakini wakulima ndio waliofurahi zaidi, kwa sababu ndovu waliacha kula mahindi yao.

Ua hauzuii moto. Februari 2022, katikati ya kiangazi, moto uliteketeza sehemu kubwa ya uwanda huku upepo ukiwashinda askari na wanavijiji waliopanda kuuzima kwa matawi. Nyasi huota tena baada ya mvua chache. Udongo uliochomeka huchukua muda mrefu zaidi, kwani mabaki ya mimea yanayohifadhi maji ndiyo yanayogeuka kuni. Ndiyo maana sigara moja au jiko la mkaa lililoachwa na wasafiri wa Januari lina uzito kuliko takataka zote za plastiki zinazolalamikiwa, ingawa hizo pia ni aibu.

Mjadala mkali zaidi ni wa barabara. Mpango wa kuweka lami kati ya Ihithe, Nyeri, na Ndunyu Njeru, Nyandarua, umbali wa takriban kilomita 50, ungepitia msitu na uwanda huu. Baada ya mpango huo kupewa leseni ya mazingira Januari 2024, ulifikishwa mahakamani na watetezi wa mazingira. Wakazi wa Nyandarua wanayo hoja nzito: mkulima wa viazi hulazimika kuzunguka mlima mzima kufikia soko lililo upande wa pili, na mgonjwa vilevile. Wapinzani husema barabara ya kasi itawagawa wanyama, italeta moto na wakataji miti hadi kwenye moyo wa chanzo cha maji, na kwamba zipo njia nyingine za kuunganisha kaunti hizo mbili. Wengi wanaobishana kuhusu lami hiyo hawajawahi kusimama Karuru mwezi wa Februari, na ingefaa wasimame, wa pande zote mbili.

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ada hulipwa kwa njia ya kielektroniki kupitia eCitizen, nayo hubadilika, kwa hivyo ni vyema kuithibitisha kabla ya kufunga safari, pamoja na kuagiza askari wa kuandamana na kikundi. Barabara ya uwandani huhitaji gari refu linalovuta kwa magurudumu yote manne, na wakati wa masika sehemu zake hazipitiki kabisa. Hakuna duka wala kioski baada ya lango. Chakula, chai ya thamosi, nguo kavu ya kubadili na tochi hubebwa kutoka nyumbani, na mabaki yake hurudi kwenye mfuko uliyoyaleta.